Chui wa Leseni

Hakuwa akigusa kisu kabla ya kusomewa karatasi. Ngozi ilifika kibandani kwetu Spring Valley ikiwa imekunjwa ndani ya gunia, chumvi inachuruzika, nzi wameshajua njia, naye akakaa kwenye kigoda chake amekunja mikono, anamngoja karani atoke mjini. Karani ndiye mimi. Nilikuwa mpiga taipu wa kampuni ya safari iliyokuwa na ofisi katikati ya jiji, orofa ya pili, na kila Jumanne nilipanda basi hadi Westlands, nikateremka bondeni kwa miguu na bahasha ya karatasi kwapani. "Nisomee," alisema, hata salamu hakuna. Nikasoma: namba ya leseni, jina la mgeni, mnyama gani, ametoka wapi. Nikimaliza, aliweka kiganja juu ya paji la yule mnyama, kama paji lilibaki, akasema, "Huyu amelipa." Ndipo alipochukua kisu.

Tulimwita Fundi. Jina lake la ubatizo nililijua kwa sababu nililipiga taipu kila mwisho wa mwezi, lakini sitaliandika hapa, maana sijamwona mtu akimwita hivyo naye akageuka. Kwao ni Ukambani, upande wa vilima. Zaidi ya hapo sikuuliza. Nilimjua miaka ya mwisho ya sitini na sehemu kubwa ya sabini, kazini na nyumbani vilevile, kwa kuwa tulipanga vyumba katika ploti moja Kangemi, mlango wangu ukitazamana na wake. Nimezika watu wengi tangu wakati huo, wengine wa damu yangu, na usingizi napata. Yeye ndiye hunijia. Hunijia mchana kweupe nikichambua mboga, ananitazama kama alivyonitazama siku ile niliyoshuka bondeni na habari mbaya, na mimi huacha mboga nikaenda kusimama mlangoni.

Kazi yenyewe niieleze kidogo, kwa sababu wajukuu wangu hudhani nazua. Wakati huo kuwinda kulikuwa halali kwa mwenye leseni. Porini kuligawanywa vipande vilivyoitwa bloku. Mgeni wa Amerika au Ulaya alikodi bloku, akalipia leseni, akalipia tena kila mnyama mkubwa aliyemtaka, akaenda na mwindaji wa kampuni, akafyatua bunduki, akasimama apigwe picha, akarudi kwao. Ngozi na pembe zilibaki kwetu. Fundi alizisafisha, akazitia dawa, akaunda umbo la mbao na plasta, akalivisha ngozi, akashona, akatia macho ya kioo. Baada ya miezi kadhaa sanduku likaondoka, na ukuta wa mtu fulani ng'ambo ukapata nyati.

Mikono yake ilikuwa midogo, imepauka kwa chumvi, na kucha zake zilikuwa safi kuliko zangu. Aliweza kuziba tundu la risasi ukaapa mnyama yule alikufa kwa uzee. Uzi alioutumia aliuvuta mdomoni kwanza, akafumba jicho moja, na kuanzia hapo hakujibu mtu. Siku moja ilikuja barua ya mgeni ikisema nyati wake anawatisha watoto wa jirani hata hawapiti sebuleni. Nilimsomea mara nne. Mara ya tano aliniambia niache, kwa kuwa alikuwa ameshaikariri, pamoja na Kiingereza ambacho hakukijua.

Na kwa ufundi wote huo, hakuwahi kumwona chui aliye hai. Mtu ambaye chui wengi walipita mikononi mwake. Uso wa chui aliujifunza kwa paka. Alifuga paka mmoja pale ploti, mwizi mkubwa wa dagaa wangu wa omena, na Jumamosi alasiri ungemkuta Fundi amepiga magoti kwenye simiti, anamchokoza yule paka kwa ufagio mpaka akunje midomo, kisha anachora haraka sakafuni kwa mkaa. Tulimcheka. Leo nikiwaza, chui wote waliotoka kwetu miaka ile, huko waliko kwenye kuta za watu, wana midomo ya paka wa Kangemi.

Kanisa letu lilikodi basi mara moja kwenda kutazama wanyama katika mbuga iliyo nje ya mji. Fundi alikwenda amevaa tai. Tulimkuta simba amelala chini ya mti, miguu juu, tumbo nje, na wanawake wakaanza kunong'onezana kwa hofu. Fundi alimtazama kwa muda, akanigeukia. "Huyu amelala vibaya, Karani. Ukimtengeneza hivi, mgeni anarudisha." Lakini mbwa mdogo tu akibweka njiani, Fundi alivuka barabara. Nyama ya pori hakuonja hata siku moja, ingawa vijana wa kibandani waliikausha na kuigawana. Alikula mboga, maharagwe na mahindi. Mimi ni mtu wa magharibi, na Jumapili bila kuku kwetu ni kama Jumatatu, basi alinitania sana. "Nyinyi kuku yenu haina leseni," alisema. "Mnakula tu."

Leseni. Neno hilo ndilo lililomshikilia. Wapo waliomsema pale Kangemi, na mwinjilisti wetu alimfuata hadi mlangoni siku moja baada ya ibada, akamwambia mbele yangu kwamba kazi yake ni ya mauti na haifai mkono uleule ushike kitabu cha nyimbo.

"Mwalimu," Fundi akamjibu, taratibu kabisa, "buti ya ndugu yangu imenunuliwa na kichwa ya nyati. Tuitoe hiyo buti, halafu tuone kama atatembea."

Ndugu yake alikuwa askari wa wanyamapori. Alikuwa mdogo wake kwa miaka mingi, na ni Fundi aliyemsomesha kwa kazi hiyohiyo ya sindano. Alilinda bloku moja ya uwindaji huko mashariki, nchi kavu ya michongoma. Kwa hiyo hesabu ya Fundi haikuwa ya vitabuni. Mgeni analipa ili apige mmoja. Alicholipa kinanunua mafuta ya gari la askari, na buti, na sare, na mshahara wa mdogo wake, na mdogo wake anawalinda waliobaki. Alinieleza hivyo mara nyingi, na mara zote alikuwa akinieleza kana kwamba ndiyo kwanza aligundua.

"Sikiza, Karani. Mtu ya kijijini akiona chui anaona hasara, mbuzi yake imekwisha. Serikali ikiona chui inaona leseni. Sasa nani atamlinda? Ni huyo anaona leseni. Mimi sipendi bunduki. Lakini hii bunduki ndio inalisha ile ingine."

Nimewasikia wasomi wakilibishania jambo hilo kwenye redio hadi sauti zikapanda, na sijamsikia hata mmoja aliyeliweka wazi kuliko yeye akiwa amekaa juu ya kigoda, mnyama mfu mapajani.

Huyo ndugu, Musyoka, alikuja kila Desemba. Alikuwa kijana mrefu, mpole, anayecheka kwa kufunika mdomo. Sare yake aliipiga pasi pale kwangu kwa sababu mimi nilikuwa na pasi ya makaa, na wakati ikipoa walikaa nje ya mlango, kaka na mdogo, wakizungumza Kikamba kwa sauti ya chini, na mara kwa mara wakicheka. Alileta mzigo wa waya. Ilikuwa mitego ya majangili aliyoing'oa vichakani mwaka mzima, vitanzi vya waya wa ua na wa simu, na Fundi aliinyoosha mmoja mmoja kwa nyundo akaitumia kazini. Waya uliotegewa mnyama shingoni ulikwenda kushikilia mkia au sikio la mwingine. Hilo lilimfurahisha sana, sijui kwa nini. Mimi lilinitia baridi.

Nilimuuliza Musyoka kama haogopi kutembea kule na majangili wenye mishale ya sumu. Akaniambia, "Mama, sisi hatutembei mtu moja. Ukienda moja wewe ni mjinga. Hata haja nikienda, namwambia mwenzangu, simama hapo." Alilisema kwa mzaha lakini alilirudia, na Fundi akatikisa kichwa kukubali. Nililikumbuka baadaye, kila neno.

Sasa nifike kwa chui.

Aliletwa Jumatatu na mwindaji mpya wa kampuni, kijana wa Kizungu mwenye haraka. Jumanne nikashuka na karatasi. Nikasoma: leseni ya kweli, muhuri wa kweli, jina la mgeni, na bloku ileile ya Musyoka, jambo lililomfanya Fundi atabasamu. Akaweka kiganja. "Huyu amelipa." Akaanza kukwangua ngozi kwa ndani. Mimi nilikuwa nimeshafika mlangoni niliposikia kisu kinawekwa chini.

"Karani. Kuja uone. Hii ngozi iko na maneno."

Aliigeuza upande wa ndani, akakiweka kidole changu kwenye tundu la risasi. Lilikuwa safi. "Risasi ikipata mnyama mzima, damu inajaa hapa pembeni, inakuwa nyeusi. Hii ni kavu. Huyu alipigwa akiwa maiti." Nikamuuliza, basi alikufa na nini? Alipitisha kidole shingoni, pole pole, mzunguko mzima, na pale kidole kilipopita niliona mstari uliodidimia, mwembamba, umekata hadi manyoya ya upande wa pili.

Tulielewa wote wawili. Chui ni mnyama wa kungojewa, na siku za mgeni zina mwisho. Yule kijana hakutaka kurudi mjini na mgeni aliyenuna, kwa hiyo alinunua kwa majangili chui aliyenaswa, akapitisha risasi mwilini, na leseni halali ya mgeni ikamfunika mnyama wa wizi. Mitego aliyoing'oa Musyoka kwa mikono yake ilikuwa ikitegwa kwa ajili yetu.

Nataka kuandika kilichofuata kama kilivyokuwa, kwa sababu mara nyingi nimejidanganya. Fundi alinitazama akingoja nimwambie la kufanya. Yeye hakujua kusoma Kiingereza, na kwake mimi nilikuwa mtu wa karatasi. Nami niliiwaza kazi yangu, na ada ya shule ya wadogo zangu kule nyumbani, na vijana wanane wa kibandani. Nikasema, "Lakini leseni imelipwa, Fundi."

Ni mimi niliyesema. Nilimwona akilipokea neno lile, akalipima, akakubali.

"Imelipwa," akasema. "Si umesoma? Serikali imepata yake. Askari atapata yake."

Akakaa siku tatu juu ya ile shingo. Alichukua manyoya mafupi ya chini ya tumbo akayapanda kwenye mstari, unywele kwa unywele, na alipomaliza aliniita tena, akaniambia nitafute. Nilitafuta kwa vidole, nikatafuta kwa macho dirishani penye mwanga. Hakuna. Alicheka kwa furaha ya fundi, kicheko kizuri tu, kisha akakikata katikati, akaenda kunawa mikono.

Wakaja wengine. Sikuwahesabu, na nilijizuia nisiwahesabu. Kila mmoja alikuwa na karatasi yake safi, kila mmoja nilimsoma, na Fundi aliendelea kuweka kiganja na kusema kwamba amelipa, ila sauti ilishuka hadi ikawa ni midomo tu. Nilimwambia mara moja, tukirudi Kangemi, amwambie Musyoka. Akasimama njiani.

"Nikimwambia lazima aandike. Ni askari. Akiandika, kibanda inafungwa, na mimi, na wewe, na wale vijana. Halafu wakiuliza nani alishona? Nitasema ni nani?"

Desemba ile Musyoka alikuja na waya nyingi kuliko mwaka wowote. Waliongea kidogo tu. Nilidhani ni uchovu wa safari.

Halafu serikali ilimtuma mkaguzi. Alikuwa mtu mzima, Mwafrika, mwenye miwani na adabu, na nitasema wazi kwamba alijua kazi yake, maana alikwenda moja kwa moja kwa chui. Ngozi zilikuwa zimeshatiwa dawa na upande wa ndani umekwanguliwa ukawa mweupe. Alizipinda shingo, akapuliza manyoya yakafunguka, akaangalia, akapuliza tena. Kazi ya Fundi ilimshinda. Akasimama, akavua miwani, akamuuliza kwa upole, mtu kwa mtu, "Mzee, hakuna kitu umeona?"

Fundi akasema, "Mimi nashona tu, bwana."

Mkaguzi akanigeukia mimi. Nikampa karatasi. Zilikuwa sawa zote. Akanishukuru, akaondoka, na Fundi alikaa kwenye kigoda tangu saa hiyo hadi jioni bila kushika chochote. Kama kungekuwa na siku moja ya kurudishiwa maishani mwangu, ningeomba ile.

Musyoka aliuawa kabla ya mvua za mwezi wa nne. Simu ilipigwa ofisini, nami ndiye niliyeipokea na kuandika maneno, na mwenye kampuni akasema afadhali niyapeleke mimi kwa kuwa ni jirani. Ilikuwa Alhamisi. Fundi aliniona nikiteremka njia ya bondeni, na kwa kuwa haikuwa Jumanne alisimama. Ndugu zangu, ile sura ndiyo hunijia. Akasema, "Nisomee."

Nikamsomea. Amekutwa karibu na mtego, mshale ubavuni. Alikuwa ameondoka kambini asubuhi, hakumwambia mwenzake anakokwenda, na bunduki yake aliiacha hemani.

"Peke yake?"

Ndiyo, Fundi.

"Peke yake?"

Aliuliza mara ya tatu, nami nikamsomea sentensi ileile mara ya tatu, kwa kuwa sikuwa na nyingine.

Swali hilo lilimwingia likamkalia. Baada ya matanga alirudi kazini, na alituma matumizi kwa mjane na watoto bila kukosa, lakini nilipomsomea karatasi hakuweka kiganja tena, wala hakusema neno. Jumapili tukitoka kanisani alikuwa akiniuliza ghafla, katikati ya maongezi ya bei ya unga, "Karani, mtu anaogopa kwenda haja peke yake. Ataenda aje kwa majangili peke yake? Na bila bunduki?" Nilimpa majibu ya kila namna. Labda alisikia mnyama analia mtegoni. Labda mwenzake alikuwa mgonjwa. Alisikiliza yote kwa heshima. Kisha alinipa lake, na lake halikubadilika: kama yeye angesema siku ya chui wa kwanza, wangejua ukubwa wa jambo, wangepelekwa askari wengi, na mdogo wake hangekuwa na sababu ya kutembea peke yake.

"Jangili alirusha mshale," alisema. "Lakini mimi ndio nilimfunika na uzi yangu."

Nilitaka kumwambia kwamba neno la leseni nilimpa mimi, basi tugawane. Sikusema. Yule kijana wa Kizungu alihamia nchi nyingine, na sijasikia kwamba aliwahi kuulizwa chochote.

Miaka ikapita, ndipo serikali ikapiga marufuku uwindaji wote. Tulisikia kwa redio ya kibandani, vijana wakiwa wamesimama na sindano mikononi. Pale mjini kuna watu waliofurahi hadi wakasalimiana kwa mikono miwili, na mimi mwenyewe nilihisi mzigo umeshuka. Nilimtazama Fundi. Alisema, "Wamefanya vizuri." Akavuta uzi mdomoni, akautema. "Na mafuta ya gari ya askari itatoka wapi?" Mambo yote mawili aliyasema kwa pumzi moja, na aliyaamini yote mawili. Baadaye marafiki wa Musyoka walimwambia kwamba kule kwao kambi za wageni zimehamishwa, hakuna gari linalopita, na waya zimeota vichakani kuliko majani. Aliwasikiliza, akawashukuru. Kampuni ilifungwa. Mimi nikapata ofisi nyingine, yeye akahama Kangemi bila kuaga, akaniachia paka.

Nilimwona tena mara moja. Nilikuwa nimekwenda Jamhuri, uwanja wa maonyesho ya kilimo, pamoja na akina mama wa kanisa, tukatazame ng'ombe wa maziwa. Alikuwa ndani ya banda, amevaa koti jeupe lililomzidi, anamsugua fahali kwa brashi. Alikuwa amezeeka upande mmoja, kama mtu aliyelalia bega. Wenye ng'ombe walimtafuta kila mwaka, alinieleza, kwa sababu hakuna aliyejua kulaza manyoya kama yeye. "Hawa ni wazima," alisema, na nikaona kwamba bado hajazoea. "Ukiwagusa wanasonga."

Kisha akanishika mkono, jambo ambalo hakuwahi kulifanya. Mjane wa Musyoka alikuwa pale pale uwanjani, amekuja na wenzake kuuza vyondo, vile vikapu vya katani, na saa ya chakula angekuja nyuma ya banda. Fundi alitaka kumwambia. Miaka yote ile alikuwa akimtumia matumizi na yule mama akimtumia baraka, na zile baraka, alisema, zilikuwa zinamchoma. "Kaa na sisi, Karani. Wewe ndio ulisoma zile karatasi. Nikikosea mahali, utanirekebisha."

Nilikaa. Mjane alikuwa mwanamke mrefu mwenye kitambaa cheupe kichwani na mikono isiyotulia. Alitukaribisha maharagwe na mahindi yaliyokobolewa kwenye bakuli moja kubwa, akaketi, akaendelea kusokota katani juu ya paja lake wakati tukila. Fundi aliweka kijiko chini.

"Mama Mwende, kuna kitu nimekaa nayo."

Akamwambia yote: chui, waya, tundu kavu, siku tatu za shingo, mkaguzi. Hakujipunguzia hata kidogo. Alipofika kwenye maneno "leseni imelipwa" alisema kwamba aliyasema yeye, na mimi nilifungua mdomo, nikaufunga. Vidole vya mjane viliendelea na katani.

"Alijua, shemeji," akasema.

Fundi hakusikia, au alisikia vibaya. Akaanza tena kueleza habari za mkaguzi. Mjane akamwekea mkono juu ya goti.

"Musyoka alijua. Alipata mtego iko na nywele ya chui, na alama ya gari hapo karibu, na gunia ya chumvi imeangushwa. Gunia ilikuwa na jina ya kampuni yenu. Akaileta nyumbani, tukaichoma jikoni, mimi na yeye."

"Mbona hakuandika?"

"Angeandika nini? Alisema, nikiandika hii jina ya kampuni, nimeandika jina ya kaka yangu. Kaka yangu ndio alinisomesha." Alisema polepole, kama anayemfunga mtoto kidonda. "Sasa akaona aende aongee na wao. Wengine aliwajua, ni watu wa huko kwetu. Akienda na mwenzake inakuwa ripoti. Akienda na bunduki inakuwa vita. Akaenda tu hivyo, kuwaomba waache. Mimi sikukuambia kwa sababu nilidhani wewe hujui kitu. Sikutaka ubebe."

Nilimwona usoni kwamba alikuwa anampa zawadi. Alifikiri anamtua mzigo: hukumuua wewe, shemeji, yeye mwenyewe alichagua, na alichagua kwa kukupenda. Fundi alitazama mikono yake. Kisha akauliza jambo moja tu.

"Alijua tangu lini?"

"Tangu ile chui ya kwanza," mjane akasema.

Kipaza sauti kiliita mafahali waingie uwanjani. Fundi alisimama, akapangusa mikono kwenye koti, akamshukuru shemeji yake kwa chakula, na akaniaga mimi kwa kuinamisha kichwa. Tulimwona akimfungua fahali na kutoka naye kwenye mwanga.

Mama Mwende aliniuliza kama amefanya vibaya kumwambia. Nikamwambia, hapana mama, umefanya vizuri. Tukafunika chakula chake kwa sahani ili kisipoe, tukakaa tukimngoja, na makofi yalipokwisha ng'ombe wakaanza kurudi mmoja mmoja, na yule fahali akaletwa na mtu mwingine.